Mtoto wa mbwa anashiba lakini miguu inapinda: tujadili chakula kikavu na lishe ya ukuaji (wadau wa Mbeya, Iringa na Njombe karibuni)

Mdau_Uyole (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Juzi jirani yangu hapa Uyole aliniletea uani mtoto wa mbwa wa miezi mitatu nimtazame. Tumbo limetuna, manyoya yamepauka, miguu ya mbele imefunguka kwa nje, na vifundo vimelala hadi anakanyagia sehemu ambayo haikutakiwa kugusa chini. Nikauliza anakula nini. Jirani akajibu kwa furaha kabisa: "Ugali na mapupu kila siku, na sahani anailamba." Nilinyamaza, maana ni jibu lile lile nililompa daktari wa mifugo mwaka 2019 nikiwa nimembeba Boby mikononi.

Boby alikuwa chotara wa German Shepherd. Nilimchukua akiwa na wiki 7, nikajiapiza kwamba kwangu hatalala njaa. Kila Jumamosi nilipita Mwanjelwa buchani nikabeba mapupu na bandama. Nyumbani tunasonga ugali wa sembe, tunachanganya, anakula mpaka anahema. Alipofika miezi minne aliruka kutoka kibarazani, ngazi moja tu, haifiki goti langu. Mguu wa nyuma ukavunjika. Daktari alipofika hakushughulika sana na ile ngazi. Aliupapasa ule mguu mzima taratibu, akaniuliza anakula nini, kisha akaniambia mifupa ya huyu mbwa ni laini na chakula chake ndicho kilichoilainisha.

Alivyonieleza ndivyo ninavyowaeleza na ninyi. Nyama tupu ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu iliyomo. Mtoto wa mbwa anahitaji kalsiamu ilingane na fosforasi au iizidi, ila isifike zaidi ya mara mbili yake. Mahindi nayo kalsiamu yake ni kama hakuna. Sasa damu haiwezi kukosa kalsiamu, moyo na misuli vinaitegemea, kwa hiyo mwili unaichota mahali ilipowekwa akiba, yaani kwenye mifupa. Mbwa anaendelea kurefuka huku mifupa inaliwa kwa ndani. Kwa nje wewe unaona mbwa aliyeshiba.

Na jua halimsaidii kama tunavyodhani. Nilikuwa namfunga Boby juani kila asubuhi, kwa sababu mtoto wa binadamu mwenye matege huoteshwa jua. Ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kumtosha, lazima aipate kwenye chakula. Asubuhi zile zote hazikumsaidia kitu.

Baada ya hapo nilikaa na mizani ya jikoni na daftari. Mtoto wa mbwa wa kilo 10 wa umri ule anahitaji takribani kilokalori 980 kwa siku. Ukimpa chakula kikavu kizuri cha watoto wa mbwa, hizo ni kama gramu 260 za punje, na ndani yake kuna gramu 70 na ushee za protini. Ukitaka nguvu hiyo hiyo itoke kwenye ugali peke yake, unahitaji unga gramu 270, ambao ukishasongwa ni zaidi ya gramu 800 za ugali, na protini yake haizidi gramu 23 au 24. Tena protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ambayo mwili unaoota misuli unaihitaji sana. Tumbo la mtoto wa mbwa ni dogo, na ugali sehemu kubwa ni maji. Anajaa kabla hajapata anachokihitaji. Sahani ya Boby ilikuwa inanidanganya kila siku.

Boby alipona. Alikaa ndani bila kuruka kwa wiki nyingi, ila mguu ule ulibaki mfupi kidogo mpaka leo.

Kosa la pili nililifanya 2021 kwa Tiger, German Shepherd kamili. Safari hii nilinunua chakula kikavu cha watoto wa mbwa, kizuri tu. Lakini hofu ya Boby ilikuwa bado imo moyoni, nikaenda duka la dawa za mifugo nikachukua DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi wa kuongezea chakula cha mifugo), nikawa namnyunyizia kijiko kila mlo. Juu yake sharubati ya kalsiamu. Kufika miezi mitano Tiger akawa anachechemea, leo mguu huu, kesho ule. Daktari yule yule akaniambia nimetoka shimo moja nimeingia jingine. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita hivi hana uwezo mzuri wa kukataa kalsiamu iliyozidi, ukimpa anainyonya. Kwa mbwa wa miili mikubwa hilo huharibu namna mifupa na viungo vinavyokua. Chakula kilichokamilika hakitaki kuongezewa kalsiamu. Niliacha ile DCP siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana naanzisha uzi huu. Wengi tumeanza kununua chakula kikavu, lakini mfuko tunauchagua kwa picha ya mbwa aliyechorwa. Waliolea watoto wa mbwa huku kwetu kwenye baridi, tupeane uzoefu.

---

Kihesa_Juu

Kamwene wakuu. Mleta uzi umegusa penyewe. Mimi niko Iringa, nina swali bila ubishi wowote: babu yangu kijijini alifuga mbwa maisha yake yote kwa ugali na makombo, na walikuwa wakali, wanakimbiza ngedere shambani. Hawa wa kwetu tunasemaje?

---

Mdau_Uyole

Kamwene kaka. Swali zuri, nami nilimuuliza daktari hivyo hivyo.

Mbwa wa babu hakuwa anakula ugali peke yake. Asubuhi ugali, mchana yuko shambani anakula panya na panzi, jioni amepata utumbo wa kuku na mfupa mbichi anaoutafuna siku mbili. Mfupa ule ndio kalsiamu yenyewe. Halafu mbwa wa kienyeji mwili wake ni mdogo na anakua polepole, mzigo kwenye mifupa yake haufanani na wa mbwa atakayefika kilo 35. Wetu wa mjini tumemfungia ndani ya geti. Hana panya, hana panzi, anategemea sahani yetu kwa kila kitu.

Na jambo lingine, kaka, linaniuma kulisema. Katika uzao wa watoto sita kijijini, walikuwa wanabaki wangapi? Tunawakumbuka wale wawili waliokua wakawa wakali. Wanne waliokufa wadogo hatukuwapa hata majina.

---

Mwana_Tukuyu

Ndaga fijo mleta uzi. Mimi nina jike, amezaa wanane, wana wiki 3 na nusu leo. Huku Tukuyu maziwa ya ng'ombe hayakosekani, nilikuwa nawapa kwenye sinia, wakaanza kuharisha. Niache? Na chakula kikavu nianze lini? Halafu parachichi zimejaa chini ya miti, jike anazila sana.

---

Mdau_Uyole

Mkuu, maziwa ya ng'ombe yapunguze au uache kabisa. Maziwa ya mbwa ni mazito, mafuta na protini yake ni zaidi ya mara mbili ya ya ng'ombe, na sukari yake ni kidogo. Ya ng'ombe yanawajaza maji na sukari ambayo matumbo yao hayaimudu, ndiyo huko kuharisha.

Wiki ya 3 hadi ya 4 ndiyo muda wa kuanza kuwaonjesha. Chukua punje za watoto wa mbwa, loweka kwa maji ya uvuguvugu, yasichemke, mpaka ziwe kama uji mzito. Weka kwenye sinia lenye ukingo mfupi. Siku ya kwanza watakanyaga zaidi ya kula, usiogope, watajilamba miguu na hapo ndipo wanajifunza. Kila siku chache punguza maji, hadi wiki ya 7 au 8 wawe wanatafuna punje kavu, na mama awe anawaachisha mwenyewe. Kilicholowekwa kisikae saa nyingi, kinachacha. Ondoa, osha sinia, mlo ujao loweka kipya.

Jike naye mpe hicho hicho cha watoto katika kipindi hiki. Ananyonyesha wanane, anahitaji kuliko alivyokula kabla ya mimba, mara mbili hata tatu. Parachichi kidogo halimuui, lakini kokwa ni hatari kweli, akilimeza linaziba utumbo. Nyama yake nayo ina mafuta mengi, kongosho linaweza kuvimba. Ziokote kabla hajazifikia.

---

Tabibu_wa_Mifugo

Nimesoma uzi wote. Mimi ni mtaalamu wa mifugo, natembelea wafugaji kati ya Mbalizi na mjini. Naongeza machache ninayokutana nayo kila wiki.

Kwanza minyoo. Unaweza kununua chakula cha bei yoyote, kama hujampa dawa ya minyoo unawalisha minyoo. Ile ya duara mtoto wa mbwa huzaliwa nayo, ilimpitia tumboni kwa mama, na mingine inakuja kwenye maziwa. Dawa inaanza wiki ya 2, inarudiwa wiki ya 4, ya 6 na ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi sita, kwa kipimo cha uzito wake. Tumbo lililotuna huku mgongo unaonekana, mara nyingi ni hiyo. Na mayai ya minyoo hii yanaambukiza watoto wetu wanaocheza uani, kwa hiyo kinyesi kiokotwe.

Pili sumukuvu. Tunaikumbuka mwaka 2016 ilivyoua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi sana. Mahindi yaliyoota ukungu yasiyofaa kwa watu, watu wanasaga "ya mbwa". Tafadhali msifanye hivyo. Kupika hakuiondoi. Nimemkuta mbwa ufizi wa njano, anatapika, hali kitu, na gunia la pumba limeegemea ukuta wenye unyevu, ukilifungua linanuka uvundo. Ini lilikuwa limeshaharibika.

Hilo linagusa pia chakula kikavu cha kupima. Dukani mfuko umekaa wazi, kila mteja anachotewa kilo yake. Mafuta yanaoza kwa hewa, vitamini zinapungua, unyevu unaingia. Nunua mfuko uliofungwa, soma tarehe, na ukishaufungua uishe ndani ya wiki 6 hivi. Kiache kwenye mfuko wake, ukunje mdomo, uweke ndani ya ndoo yenye mfuniko, mahali pakavu.

Tatu chanjo, nasema kwa ufupi maana uzi ni wa lishe: anza wiki ya 6 hadi ya 8, rudia kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu. Parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoharisha damu, hauangalii mbwa amekula nini.

---

Mdau_Uyole

Asante sana daktari. Hapo kwenye wiki 6 wengi tunapoteza hela. Mfuko wa kilo 15 ni nafuu kwa kilo, lakini mtoto mmoja anayekula gramu 260 anaumaliza kwa siku 57. Wa kilo 10 unaisha siku 38. Kama una mbwa mmoja, chukua mdogo, au mnunue mfuko mmoja na jirani mgawane siku ile ile.

---

Binti_Makambako

Shikamooni wakubwa zangu. Nimejifunza mengi. Nina maswali mawili. Mfuko unasomwaje? Na kama siwezi kununua punje tupu mwezi mzima, nachanganya na nini?

---

Mdau_Uyole

Marahaba dada.

Mfuko ugeuze nyuma, picha ya mbele iache. Tafuta kwanza neno "complete", maana yake chakula kimekamilika chenyewe. Kisicho nalo ni kitoweo cha kuongezea. Pili tafuta umri: "puppy", "growth" au "all life stages". Kilichoandikwa "adult" pekee ni cha mbwa aliyekwisha kukua. Tofauti ipo kweli: viwango vya AAFCO (chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo) vya Marekani, ambavyo utaviona vimetajwa kwenye mifuko mingi, vinataka protini isipungue asilimia 22.5 kwa mbwa anayekua, ukiondoa maji, na 18 kwa mkubwa. Mafuta 8.5 kwa 5.5. Kama mbwa wako akikua atazidi kilo 32, angalia kiwe kimeandikwa kinafaa ukuaji wa mbwa wakubwa, kwa sababu humo kalsiamu imewekewa ukomo wa asilimia 1.8. Mfuko usiotaja kalsiamu kabisa mimi siununui.

Kuhusu kuchanganya, nakueleza alivyonipangia daktari kwa mbwa wa kilo 10, nawe upime na wako kwa mtaalamu wa huko. Nusu ya chakula cha siku punje, gramu 130. Nusu nyingine ugali wa dona au chenga za mchele zilizoiva vizuri, yai moja la kuchemsha, na dagaa. Sisi tunatumia usipa kutoka Kyela, waliokaushwa bila chumvi. Nawaosha mara tatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, nawachemsha, nawaponda na mifupa yao yote. Ile mifupa midogo ndiyo faida yake juu ya mapupu. Maganda ya mayai nayachemsha, nayakausha, nayasaga kwenye kinu mpaka yawe laini kama unga wa ngano, naweka nusu kijiko cha chai kwa siku. Kijiko kizima kina karibu gramu 2 za kalsiamu, kwa hiyo usimimine kwa macho. Na siku utakayorudi kwenye punje tupu, maganda unayaacha.

Mabaki ya mezani yenye vitunguu usimpe, hata mchuzi wake. Vitunguu maji na saumu vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, hiyo pia hapana.

Ukibadilisha chakula, nenda siku 7: robo kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Na maji yawepo muda wote, kwenye punje maji ni kama asilimia 10 tu.

---

Mafinga_Mbao

Mimi tatizo langu ni kinyume. Nina Boerboel, mbwa wa mwili mkubwa, wa miezi mitano, punje zinakaa kwenye bakuli siku nzima anajichotea. Kila anayepita anamsifu alivyonona. Kuna ubaya?

---

Tabibu_wa_Mifugo

Upo, kaka. Mbwa wa mwili mkubwa akinona akiwa mdogo, viungo laini vinabeba uzito usio wa umri wake, nyonga na viwiko vinaumia. Asinone, akue taratibu. Weka viganja viwili ubavuni mwake: mbavu uzisikie bila kukandamiza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane. Kama unazitafuta mbavu kwa vidole, punguza. Toa lile bakuli. Mpaka miezi mitatu milo minne, mpaka sita milo mitatu, baada ya hapo miwili. Kilichobaki baada ya dakika 20 ondoa. Na chakula cha ukuaji aendelee nacho hadi miezi 18 hivi, mbwa wa aina hiyo huchelewa kukomaa. Wale wadogo wadogo mwaka mmoja unatosha.

---

Kihesa_Juu

Daktari, na baridi ya Juni na Julai? Wangu analala nje.

---

Tabibu_wa_Mifugo

Mtoto wa mbwa anayetetemeka usiku anachoma chakula cha ukuaji ili apate joto. Mpe kibanda kisichopitisha upepo, kiinuliwe toka ardhini, na nyasi kavu za kutosha ndani, zibadilishwe zikilowa. Ongeza chakula kidogo ukiona kiuno kinazidi kuingia. Kibanda kwanza, chakula baadaye.

---

Mdau_Uyole

Wakuu, nimerudi baada ya wiki sita kuwapa mrejesho wa mtoto wa jirani. Anaitwa Popi.

Alipoanza alikuwa kilo 5.1. Alipewa dawa ya minyoo, na usiku ule jirani alinipigia simu kwa hofu kwa vilivyotoka. Mapupu yamesimamishwa. Jirani ni fundi, hela yake haiji kila siku, kwa hiyo Popi anakula nusu punje na nusu dona na usipa, milo mitatu, vinapimwa kwa kopo la maziwa ya unga tulilolipiga alama ya msumari pembeni. Wiki tatu za kwanza hakuruhusiwa kucheza na watoto wala kupanda ngazi, na mwanawe mdogo ndiye alikuwa mlinzi mkali kuliko sote.

Kila Jumamosi tunampima kwenye mizani ya duka la nafaka, mwenye duka anamshikia mkia ili atulie. Leo imesoma kilo 9.4. Vifundo vimeinuka, anakanyagia vidole. Mguu wa mbele wa kulia umenyooka, wa kushoto bado umefunguka kidogo, na daktari amesema huo unaweza kubaki hivyo. Manyoya ya mgongoni yameanza kung'aa. Binti Makambako, wako ana kilo ngapi sasa?